Kamera ya tundu la sindano kwa kopo la maziwa: mwongozo kamili wa picha za mandhari

Kamera ya tundu la sindano haina lenzi: mwanga huingia kwa tundu dogo tu na kuchora picha kwenye karatasi iliyo ndani ya kopo. Wanaoijaribu kwa mara ya kwanza huishia mahali pawili: karatasi imetoka nyeusi tii, au imetoka nyeupe pe. Wengi hulilaumu tundu. Wanatoboa jingine, wanapoteza karatasi nyingine tano, na matokeo hayabadiliki. Ukweli ni kwamba tundu huharibu picha mara chache. Kinachoharibu ni mwanga unaopenya pasipotakiwa, kopo linalotikisika, na muda uliokisiwa bila kujaribiwa. Kwa hiyo mwongozo huu unakaa muda mrefu kwenye majaribio ya giza kabla hujapiga picha hata moja. Usiyaruke.

Tunatumia kopo la maziwa ya unga la gramu 900 na karatasi ya picha ya inchi 5 kwa 7, yaani sm 12.7 kwa 17.8. Vipimo vyote vimetokana na kopo lenye kipenyo cha milimita 127. Pima lako kwa rula. Likipishana milimita chache si neno. Likipishana zaidi, piga hesabu upya kama inavyoonyeshwa kwenye hatua ya 6.

## Vifaa

Kwa ajili ya kamera:

- Kopo la maziwa ya unga la gramu 900, pamoja na mfuniko wake. Kina cha ndani kisipungue sm 13.5.
- Kopo tupu la soda la aluminiamu.
- Sindano nyembamba kabisa ya kushonea kwa mkono.
- Msasa laini, namba 600 au zaidi.
- Rangi nyeusi isiyong'aa, ya kupuliza au ya brashi.
- Tepu nyeusi ya umeme, roli 1, na karatasi ya aluminiamu ya jikoni.
- Kadi nyeusi ngumu, ukubwa wa kiganja.
- Mfuko mdogo wa mchanga wa kilo 1 hivi, na pimamaji ndogo.

Kwa ajili ya kusafisha picha:

- Karatasi ya picha nyeusi na nyeupe, ile yenye tabaka la plastiki. Ilford Multigrade na Fomaspeed zote zinafaa. Chagua yenye uso uliofifia kidogo, usichukue inayong'aa kama kioo.
- Developa ya karatasi (dawa inayoitokeza picha), fiksa (dawa inayoifanya karatasi isihisi mwanga tena), na siki nyeupe ya asilimia 5.
- Mabeseni 3 ya plastiki na koleo 3, ambavyo havitarudi jikoni tena.
- Taa nyekundu, kipimajoto na glavu.

Hapa pana kosa linalowagharimu watu kabla hawajaanza. "Karatasi ya picha" inayouzwa kwenye duka la vifaa vya ofisi ni ya printa. Haina kemikali inayohisi mwanga, na haitatoa picha hata ukiianika juani wiki nzima. Unayohitaji huja ndani ya mfuko mweusi usiopitisha mwanga, na boksi lake huonya lisifunguliwe isipokuwa kwenye chumba cha giza. Mara nyingi utalazimika kuiagiza. Ikifika, iweke kwenye friji ndani ya mfuko uliofungwa vizuri, kwa sababu joto huizeesha na kuitia ukungu wa kijivu. Itoe saa chache kabla ya kazi, isije ikatoka jasho.

Uso uliofifia unapendekezwa kwa sababu ndani ya kopo la duara karatasi hujipinda, na nusu yake moja huitazama nyingine. Ikiwa inang'aa, mwanga wa anga ulioangukia upande mmoja hurukia upande wa pili na kuacha utando wa kijivu.

## Hatua ya 1: Liandae kopo

Osha kopo, likaushe, kisha tafuta mshono wa bati unaoshuka ubavuni. Tundu lisikae juu ya mshono, wala mshono usikae mkabala na tundu, maana karatasi itavimba pale katikati ya picha. Robo ya mzunguko kutoka kwenye mshono ni mahali pazuri.

Sasa amua urefu wa tundu kutoka kwenye kitako. Uamuzi huu unatawala picha zote utakazopiga kwa kopo hilo, kwa sababu mstari wa upeo wa macho huangukia karatasini usawa uleule wa tundu. Karatasi inasimama juu ya kitako na urefu wake ni sm 12.7. Ukitoboa sm 6.4 kutoka chini, upeo wa macho utaigawa picha katikati: nusu anga, nusu ardhi. Lakini karatasi hizi huhisi zaidi mwanga wa buluu, hivyo anga ya mchana hutoka nyeupe tupu, bila wingu. Nusu ya picha inapotea bure.

Kwa mandhari, toboa sm 5 kutoka kitako. Picha huangukia karatasini kichwa chini, kwa hiyo ukishaigeuza, ardhi itachukua sm 7.7 na anga sm 5. Ukitaka mlima au minazi mirefu, andaa kopo la pili lenye tundu sm 7.5 kutoka chini.

Jaza kopo mchanga mbichi, ushindilie, ndipo upigilie msumari. Mchanga huzuia bati lisibonyee. Panua hadi shimo liwe na upana wa sm 1, kisha sawazisha kingo kwa tupa au msasa. Hili si tundu la kamera bado. Ni dirisha la kubandikia bamba la aluminiamu lenye tundu, la hatua ya 3. Likiwa jembamba kuliko hapo, kingo zake zitakata mwanga wa pembeni na picha itatoka na pembe nyeusi.

Paka rangi nyeusi ndani yote, pamoja na kitako. Tabaka 2, kila moja ikauke vizuri.

Ulivyofaulu: ukimulika ndani kwa kurunzi huoni mng'ao wa bati popote.

## Hatua ya 2: Mfuniko

Mfuniko wa plastiki wa kopo la maziwa hupitisha mwanga. Uinue kuelekea dirishani na utaona mwenyewe. Rangi peke yake haitoshi, kwani plastiki inapopinda rangi hupasuka na kubanduka.

Kata duara 2 za aluminiamu ya jikoni, zibandike ndani ya mfuniko moja juu ya nyingine, kisha funika zote kwa tepu nyeusi, kila ukanda ukipanda juu ya mwenzake nusu upana. Aluminiamu ndiyo inayozuia mwanga, na tepu inazuia isichanike na isirudishe mng'ao. Kila utakapolifunga kopo likiwa na karatasi, zungusha tepu ya umeme kwenye ungio la mfuniko mara 2.

## Hatua ya 3: Tundu lenyewe

Kata kipande cha sm 3 kwa 3 kutoka ubavuni mwa kopo la soda. Kisugue kwa msasa pande zote mbili mpaka maandishi yatoke na bati liwe laini. Kiweke juu ya kadi 3 au 4 zilizopangana.

Choma kitako cha sindano kwenye kifutio cha penseli ili upate mpini. Simamisha sindano wima katikati ya bamba, kandamiza kidogo huku ukiizungusha kati ya vidole. Usitoboe. Unachotafuta ni kidoti tu, kama kichwa cha chunusi, upande wa pili. Geuza bamba, sugua kidoti hicho kwa msasa kwa miduara midogo, mara 10 hivi. Rudia: sindano kidogo, msasa kidogo. Kwenye mzunguko wa tatu au wa nne ncha itatokea yenyewe, na utaiona kama nukta ya mwanga ukiinua bamba dirishani. Ingiza ncha kutoka upande wa pili, izungushe mara moja kusafisha vumbi la msasa, uiache.

Sababu ya subira yote hii: sindano ikisukumwa kwa nguvu hupasua bati na kuacha midomo iliyochongoka. Midomo hiyo hutawanya mwanga na kuifanya picha iwe na ukungu hata kama kila kitu kingine kimekaa sawa. Msasa hulifanya bati liwe jembamba pale penye tundu, na kingo hutoka safi.

Kipenyo unachotaka ni kati ya milimita 0.4 na 0.5. Tundu likizidi, picha hufifia kwa sababu kila nukta ya mandhari huwa doa pana. Likipungua mno, mwanga wenyewe huanza kupinda na kutawanyika kingoni, na picha hufifia tena. Kwa kopo la milimita 127 ni heri ukaribie 0.4, maana pembeni karatasi iko karibu zaidi na tundu kuliko ilivyo katikati.

Kupima ni rahisi ukiwa na skana. Laza bamba kwenye kioo, skani kwa dpi 2400 (nukta 2400 kwa kila inchi), kisha kuza na uhesabu pikseli kukatiza tundu. Kila pikseli ni milimita 0.0106, kwa hiyo pikseli 38 ni milimita 0.4. Kama huna, laza bamba juu ya rula yenye milimita, piga picha kwa simu kupitia kioo cha kukuzia, ulinganishe.

Paka weusi wa kalamu ya wino mzito upande utakaotazama ndani, ukiacha milimita 1 kuzunguka tundu ili wino usilizibe. Bandika bamba ndani ya kopo, tundu likae katikati ya dirisha, na uzibe kingo zote 4 kwa tepu nyeusi. Nje, bandika kipande cha tepu kuwa kifuniko, ukikunja ncha yake moja ili pawe na pa kushikia.

Ulivyofaulu: tundu ni duara kamili, halina unyuzi. Likiwa na umbo la yai, tupa bamba. Kopo 1 la soda hutoa mabamba mengi.

Usichungulie jua kupitia tundu hata kwa sekunde moja.

## Hatua ya 4: Majaribio 2 ya giza

Hapa ndipo kazi inaposimama au kuanguka.

Jaribio la kurunzi. Ingia kwenye chumba chenye giza totoro, usiku ni bora. Washa kurunzi ndogo, iweke ndani ya kopo, funga mfuniko na uzungushe tepu kama kawaida. Subiri dakika 3 macho yazoee giza. Ligeuze kopo polepole na utazame ungio la mfuniko, kingo za bamba na mshono. Nukta yoyote ya mwanga unayoiona ukiwa nje, ndiko mwanga utakakoingilia. Ziba, rudia.

Jaribio la karatasi. Chini ya taa nyekundu, iliyokwisha kujaribiwa kama hatua ya 5 inavyoeleza, weka kipande cha karatasi ya picha ndani, funga, acha kifuniko cha tundu kimebandikwa. Peleka kopo juani kwa dakika 10, ukiligeuza kila baada ya dakika 2 ili jua lipige kila upande. Rudi, isafishe karatasi kama hatua ya 7 inavyoeleza.

Ulivyofaulu: karatasi imebaki nyeupe kama ilivyotoka kwenye boksi. Ikitoka na mstari mweusi, kuna ufa upande ulio mkabala na mstari huo. Ikitoka kijivu chote, angalia mfuniko kwanza.

Usipige picha mpaka jaribio hili lifaulu. Picha ya mandhari huchukua dakika moja au mbili, lakini kopo huzunguka nawe juani saa nzima kwenda na kurudi, na ufa mdogo hufanya kazi muda wote huo.

## Hatua ya 5: Chumba, taa, na kuweka karatasi

Bafu lisilo na dirisha linafaa, au chumba chochote usiku. Ziba upenyo chini ya mlango kwa taulo.

Taa nyekundu nayo ijaribiwe, kwa sababu balbu nyingi zinazouzwa kama nyekundu hutoa pia mwanga wa rangi nyingine. Weka kipande cha karatasi mezani, uso juu, kiwekee sarafu, uwashe taa nyekundu umbali wa mita 1 kwa dakika 5. Safisha. Ukiona duara la sarafu, taa haifai au iko karibu mno.

Kata karatasi 1 kuwa vipande 6 vya majaribio. Karatasi ni ghali na majaribio haya hayahitaji nzima.

Ili kujua upande unaohisi mwanga, gusa kona kwa kidole chenye unyevu: upande unaonata ndio wenyewe. Andika namba nyuma kwa penseli, pinda karatasi taratibu uso ukiwa ndani, iteremshe koponi ikitazamana na tundu. Itajitanua yenyewe na kushika ukuta. Pitisha kidole kuhakikisha ncha zake 2 ziko mbali na tundu kwa usawa kushoto na kulia.

Kujipinda huku kuna faida kubwa. Kwenye boksi bapa, pembe za picha hupata mwanga kidogo kuliko katikati na huonekana nyeusi. Ndani ya kopo la duara, pembeni karatasi iko karibu zaidi na tundu, na ukaribu huo hufidia mwanga unaopungua, hivyo picha hupata mwanga karibu sawasawa kutoka kushoto hadi kulia. Ndiyo sababu tunasisitiza kopo, wakati boksi la viatu ni rahisi zaidi kulipata.

Kila kopo hubeba karatasi 1. Tengeneza makopo 3 au 4, la sivyo kila picha itakurudisha nyumbani.

## Hatua ya 6: Muda wa mwanga

Gawa kipenyo cha kopo kwa kipenyo cha tundu: 127 ÷ 0.4 = 317. Gawa namba hiyo kwa 16, zidisha jibu kwa lenyewe: 19.8 × 19.8, kama 393. Gawa kwa kasi ya karatasi, yaani namba ya ISO inayoonyesha inavyohisi mwanga. Karatasi nyingi huwa kati ya ISO 3 na ISO 6. Kwa ISO 6 unapata sekunde 65 kwenye jua kali. Kwa ISO 3, sekunde 131.

Anza na sekunde 90, jua likiwa nyuma yako au ubavuni, vivuli vikiwa vikali. Kutoka hapo:

- Jua la utusitusi, vivuli hafifu: dakika 3.
- Mawingu meupe, hakuna vivuli: dakika 6.
- Mawingu mazito: dakika 12, na uongeze nusu yake, kwa sababu muda unapokuwa mrefu karatasi huanza kuchoka na kila dakika ya ziada hufanya kazi kidogo.

Kama unatumia programu ya kupima mwanga kwenye simu, iweke ISO 100 na f/16 (kipimo cha upana wa tundu la lenzi), kisha zidisha sekunde inazokupa kwa 6,500. Ikisema 1/100, jibu ni sekunde 65. Ikisema 1/25, ni sekunde 260, yaani dakika 4 na ushee.

Programu hizo hudanganywa na saa za asubuhi sana na jioni. Mwanga wa jua linalotua umejaa wekundu, na karatasi haiuoni wekundu. Simu itakwambia dakika 4, ilhali karatasi inahitaji mara 2 au 3 ya hapo. Saa 3 hadi saa 5 asubuhi, na saa 9 hadi saa 10 alasiri, ndio muda wa kutegemewa.

Picha ya kwanza ya kila kopo iwe ya kipimo. Piga sehemu ileile mara 3: sekunde 45, 90 na 180. Linganisha, andika jibu kwa wino juu ya kopo. Makopo 2 yanayofanana kwa macho huweza kupishana nusu nzima kwa sababu ya tundu.

### Kuliweka kopo

Simamisha kopo wima juu ya kitu kisichoyumba, weka pimamaji juu ya mfuniko, halafu mfuko wa mchanga. Kopo likiinama mbele au nyuma, upeo wa macho hautapinda upande tu. Utajikunja kama upinde, kwa sababu karatasi yenyewe imejikunja. Pwani kosa hili huonekana mara moja: bahari hutoka kama tabasamu.

Urefu wa kopo kutoka ardhini hubadilisha picha kuliko unavyodhani. Tundu likiwa sm 5 kutoka kitako na kopo likikaa chini kabisa, picha huanzia sm 8 tu mbele ya kopo. Juu ya stuli ya sm 60 huanzia kama mita 1. Kamera hii haina mahali pa kulenga, kila kitu kinatoka kwa ukali uleule, jiwe lililo mbele ya pua na kilima kilicho mbali. Litumie jambo hilo.

Na utalihitaji, kwa sababu kopo huona pana, karibu nyuzi 80, na vitu vya mbali hunywea. Kibo ukikipiga kutoka Moshi mjini, karibu kilomita 30, kitatoka na urefu wa sm 2 hivi kwenye karatasi ya sm 12.7. Mlima peke yake hautoshi kuwa picha. Weka mbele yake mgomba, ukuta wa mawe, mfereji, kitu kilicho ndani ya mita 1 au 2. Nenda mapema pia, kabla mawingu hayajaufunika.

Kwenye pwani ya bara, kuanzia Mtwara hadi Lamu, bahari iko mashariki. Asubuhi jua litaingia moja kwa moja kwenye tundu na kuacha doa jeusi lenye miale. Bahari ipige alasiri. Wakati wa kusi, upepo hulitikisa kopo na kurusha mchanga na chumvi kwenye tundu. Jikinge nyuma ya mtumbwi au ukuta, ongeza mchanga mfukoni.

Minazi hutoka na shina kali na makuti yaliyoyeyuka. Mawimbi huwa utando kama ukungu wa asubuhi. Anayepita kwa miguu haonekani kabisa. Mbuyu hutulia.

### Kufungua na kufunga

Usibandue tepu na kuanza kuhesabu. Kubandua hulitikisa kopo, na mtikisiko huo huingia pichani. Shika kadi nyeusi mbele ya tundu bila kugusa kopo, bandua tepu, hesabu hadi 5 kopo litulie, kisha ondoa kadi. Muda ukiisha, rudisha kadi, ndipo ubandike tepu. Andika namba ya karatasi, saa, hali ya anga na sekunde.

## Hatua ya 7: Kusafisha

Panga mabeseni kushoto kwenda kulia, kila moja mililita 500:

1. Developa: kwa dawa za kuchanganywa 1 kwa 9, mililita 50 za dawa na 450 za maji.
2. Siki: mililita 150 za siki na 350 za maji. Inasimamisha developa papo hapo.
3. Fiksa: kwa dawa za 1 kwa 4, mililita 100 na 400 za maji.

Soma chupa yako. Ikisema tofauti, fuata chupa. Vaa glavu, acha hewa ipite, weka watoto mbali. Fiksa iliyotumika ina madini ya fedha: usiimwage shambani wala karibu na kisima.

Developa inataka nyuzi 20. Bombani Dar es Salaam maji hutoka na joto zaidi ya hapo. Weka beseni la developa ndani ya beseni kubwa lenye maji ya barafu, na usitie barafu ndani ya dawa yenyewe, itaizimua. Hadi nyuzi 24 utafanya kazi vizuri.

Zamisha karatasi kwa mkupuo mmoja, uso juu, tikisa beseni polepole. Baada ya sekunde 10 au 15 anga itaanza kuwa nyeusi, kisha umbo la ardhi litajitokeza ndani yake. Iache dakika 1 kamili. Kosa la kawaida ni kuinyakua baada ya sekunde 20 kwa hofu kwamba inakuwa nyeusi mno. Ukifanya hivyo hutajua kama muda wako wa jua ulikuwa sahihi, na weusi utatoka na mabaka. Ikiwa nyeusi ndani ya dakika, kosa liko nje, juani; punguza sekunde.

Sekunde 10 kwenye siki, dakika 1 kwenye fiksa, halafu unaweza kuwasha taa. Suuza dakika 2 kwenye maji yanayotiririka. Kama maji ni ya ndoo, badilisha mara 6, kila mara ukitikisa nusu dakika. Anika kwa kibanio.

Ulivyofaulu: una negativu, yaani picha ambayo weusi na weupe vimebadilishana. Anga nyeusi, vivuli vyeupe, na katikati yake kijivu cha ngazi nyingi. Kingo za karatasi ambako picha haikufika ziwe nyeupe safi.

Kama una weusi na weupe tu, bila kijivu, na karatasi yako ni Multigrade, weka kipande cha plastiki ya manjano angavu nyuma ya tundu. Karatasi hizi hutoa picha ngumu zikipata mwanga wa buluu, na manjano huuzuia. Anza na muda mara 2, upime upya.

## Hatua ya 8: Kugeuza kuwa picha

Skani negativu, au ipige kwa simu kwenye kivuli chenye mwanga sawa. Kwenye programu yoyote ya picha, geuza rangi, zungusha juu chini, kisha pindua kushoto kulia kama kwenye kioo. Hatua hiyo ya mwisho husahaulika, na maandishi ya kibao cha barabarani ndiyo hukushtaki.

Ukitaka picha ya karatasi halisi, ingia gizani, weka karatasi mpya uso juu, lalia negativu uso chini, kandamiza kwa kioo safi, washa balbu ya kawaida juu yake. Jaribu kwa vipande: sekunde 3, 6, 12. Kama nyuma ya karatasi kuna jina la kiwanda, litatokea pichani, kwa hiyo kagua kabla ya kununua boksi zima.

## Ikitoka vibaya

Nyeusi yote mpaka kingoni: mwanga umeingia nje ya tundu, au taa nyekundu haifai. Rudi hatua ya 4.

Nyeusi, ila kingo nyeupe: giza liko sawa, muda umezidi. Gawanya kwa 4, si kwa 2, ili uone tofauti.

Nyeupe yote: karatasi iligeuka nyuma mbele, tundu limezibwa na wino au rangi, au iliingia kwenye fiksa kabla ya developa. Safisha kipande kilichoachwa wazi kwenye taa ya kawaida. Kisipokuwa cheusi, developa imekufa. Mara nyingi imekuwa na rangi ya chai ya rangi.

Kila kitu kina kivuli chake pembeni: kopo lilisogea, au bamba lina matundu 2. Inua bamba dirishani uhesabu nukta.

Laini kote, haina ukali: pima tundu. Likipita milimita 0.6, toboa jingine.

Ukanda wa kijivu upande mmoja tu: jua lilikuwa linaingia tunduni na kuruka ukutani. Kiache kichwa cha kopo kivulini kwa kushika kofia juu yake, nje ya picha, muda wote karatasi inapopata mwanga.